Kusubiri Marahaba

Ikiwa umewahi kuketi kwenye benchi la hospitali na mwanao aliyekwisha kukuzidi kimo, na watu wa pembeni wakawa wanajisogeza kidogo kidogo kila anapojitingisha, mpaka mkabaki nyinyi wawili na benchi zima ni lenu, haya nimekuandikia wewe. Wengine wakisoma ni sawa pia. Naandika polepole, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado unajifunza kazi upya. Sababu yake nitaifikia. Mambo ya ubongo sitayaeleza. Madaktari ndio wenye kuyajua, na nilipowauliza walinijibu kwa maneno marefu kwamba hata wao hawayajui sana.

Mimi ni Hamisi, mtu wa Msambweni. Nilifanya kazi katika kiwanda cha sukari kule Ramisi mpaka kilipofungwa, kisha nikawa mkulima wa kulazimika: minazi michache, mihogo, na mikorosho aliyoniachia marehemu baba. Mke wangu Mwanaisha ni fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa ya watu wanaongoja nguo zao, yangu ilikuwa ya miti isiyodai, kwa hiyo mimi ndiye niliyezunguka hospitalini na mwanetu Masudi. Watu wamezoea kuona mama na mtoto. Wakiona mwanamume na mtoto walidhani mama amefariki, wakanipa pole, nami nikawajibu vibaya. Mimi ni mwepesi wa hasira, na ni heri ulijue hilo mapema.

Masudi ni mtoto wetu wa pekee. Alichelewa kusema, na alipoanza alisema sentensi nzima, tena iliyonyooka, akanyamaza tena wiki nyingi. Hakupenda kuguswa. Wali na mchuzi vikikutana kwenye sahani moja, hakula. Furaha yake ilikuwa kwenda dukani na kuegemeza sikio kwenye friji la soda, asikilize linavyovuma, na likizima alijua kabla ya mwenye duka. Hayo yote watu wa kwetu waliyavumilia. Walichoshindwa kukivumilia ni kwamba alipita mbele ya wazee bila kusalimia. Kwetu sisi mtoto asiyesalimia ni aibu ya nyumba nzima, na lawama haimwangukii yeye bali waliomlea.

Marehemu mama yangu ndiye aliyemfundisha, na ilimchukua miaka. Aliketi naye barazani kila asubuhi, na kila aliyepita njiani alikuwa ni somo. Masudi aseme "Shikamoo," angoje, aliyesalimiwa aseme "Marahaba," ndipo aruhusiwe kurudi kwenye shughuli zake. Mama alimpa kanuni moja, akaikariri mpaka ikamwingia: "Ukishatoa salamu husogei mpaka uitikiwe. Ukiondoka kabla, umempa mtu mgongo." Masudi ni mtu wa kanuni. Ukimpa moja inayoeleweka ataishika kwa mikono miwili. Kilichomshinda ni kukadiria umri, nani mkubwa na nani mdogo, basi mama akaamua awape shikamoo wote, afadhali azidishe kuliko apunguze. Aliwapa wazee, akawapa rika lake, akawapa na vitoto vinavyocheza mchangani. Msambweni nzima ikazoea. Utakuta kitoto kisicho na meno ya mbele kinamwitikia, "Marahaba, Masudi," kwa uso wa kadhi, kisha kinaendelea na mchezo wake.

Mama alifariki Masudi akiwa kidato cha pili. Kanuni ilibaki. Shule ya sekondari aliisoma akitokea nyumbani, kwenda asubuhi na kurudi jioni, na wanafunzi wenzake ni wale wale waliokua wakimwitikia. Mimi nilijidanganya kwamba tumefika.

Alimaliza kidato cha nne na kupasi, si kwa kishindo, lakini fizikia aliifanya vizuri. Upande wa Diani kulikuwa na chuo cha ufundi kilichofundisha utengenezaji wa mafriji na mashine za baridi, kwa kuwa mahoteli hayaishi kuwahitaji mafundi hao. Masudi hakutaka kitu kingine. Akakubaliwa. Wiki ile alikuwa akitembea ndani ya nyumba akivuma mwenyewe kwa mdomo, na Mwanaisha akimfuata na futi ya kitambaa amshonee sare.

Ndipo alipokuja mjomba wake. Salimu ni kaka mkubwa wa Mwanaisha, anakaa Kikoneni, ana shamba na ng'ombe, na sisi Wadigo mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake, baba apende asipende.

"Shemeji," akaniambia, "chuo ni bweni. Huko hakuna anayemjua. Mnampeleka akachekwe."

"Nampeleka akasome."

"Nipe mimi. Atakaa na ng'ombe, ng'ombe hawana maneno. Na watu wa kule ni wake."

Nilimjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa. Mwanaisha alikaa katikati, mume huku na kaka kule, akikunja na kukunjua kitambaa kile kile. Mwishowe yeye ndiye aliyeamua: muhula mmoja. Masudi akiumaliza, anaendelea. Akishindwa, anakwenda Kikoneni kwa mjomba wake na neno la chuo halitajwi tena katika nyumba yetu. Tukapeana mikono juu ya hilo, na Salimu akaushika wangu kwa upole, kama anayenipa pole mapema.

Mwaka ule mvua haikuwa na adabu. Ilianza vuli ikakataa kuondoka, ikavunja madaraja, ikala barabara, na Januari chuo kilipofunguliwa bado ilikuwa inanyesha. Tulikuwa ndani ya Ramadhani. Nilimfikisha Masudi na sanduku lake mpaka mlango wa bweni. Vijana walikuwa wametoka kila mahali, wengi ni watoto wa watu wa bara waliohamia Ukunda na kwenye mashamba ya ugawaji, na salamu yao ni "Sasa," jibu lake "Poa," hakuna kusimama.

Kijana mmoja alikuwa anatoka. Masudi akampa salamu.

"Shikamoo."

"Shikamoo? Kwani mimi ni babu yako?" Akacheka, akapita zake.

Masudi akabaki mlangoni na sanduku mkononi. Nyuma yetu wanafunzi walikuwa wanajazana kwenye mvua wakitaka kuingia.

"Marahaba," nikasema mimi.

Akanitazama begani, pale anapotazama akizungumza na mtu. "Si wewe niliyekusalimia, baba."

Nikamfukuzia yule kijana mpaka bombani, nikamshika mkono, nikamrudisha aseme marahaba. Alisema. Masudi akaingia. Mimi nikatoka pale getini na swaumu yangu, nikiwa nimekwisha kuona yatakayofuata.

Baada ya Idi tulikwenda kumtazama, mimi na mama yake. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza chini ya shati. Migongo ya mikono ilikuwa na alama za meno, nyingine mbichi, na meno ni yake mwenyewe. Chakula cha pale siku nyingi kilikuwa githeri, nayo ni mahindi na maharage yaliyochanganywa. Alikuwa akiketi kutenga mahindi huku na maharage huko mpaka kengele inalia, na sahani inaondolewa kabla hajaanza kula. Ramadhani ilimfaa, kwa sababu kutokula kulikuwa na kanuni yake. Ramadhani ilipokwisha ndipo njaa ilipomshika.

Aliyetueleza mengine ni Mutua, kijana aliyelala kitanda cha karibu yake. Mutua ni Mkamba, wazazi wake walipata shamba huku kwetu miaka mingi nyuma, mtoto mrefu mwenye sauti isiyoamua kuwa ya mtu mzima au ya mtoto. Alizungumza akitazama viatu vyake.

"Wamefanya iwe game, mzee. Wanapanga laini wanapita mbele yake, anawasalimia, hawajibu. Halafu wanaenda. Yeye anabaki hapo tu."

"Anabaki mpaka lini?" Mwanaisha akauliza.

"Mpaka mwenyewe arudi. Darasa linampita, lunch inampita. Juzi aliachwa hapo kwa bomba, na yule msee, yule jamaa aliyemsalimia, alikuwa ameenda kwao Ukunda weekend. Mvua ilimnyeshea yote. Mimi nilimwambia marahaba, akasema si mimi." Akamgeukia Mwanaisha. "Alijikojolea, mama. Nilimletea shuka."

Mwanaisha akamshukuru yule kijana kwa adabu zake zote, akamuuliza hali ya mama yake na ya nyumbani kwao, kisha akaenda nyuma ya bweni akatapika.

Mkuu wa chuo hakuwa mtu mbaya. Alituketisha, akatuambia anaona Masudi hana utovu wa nidhamu. "Lakini siwezi kuwa na mwanafunzi anayeziba milango na kukosa masomo. Mtafutieni matibabu. Muhula ukiisha akiwa hivi, itanibidi nimrudishe nyumbani." Nyumbani maana yake Kikoneni. Tulitoka pale tukiwa na miezi ya kuponya kitu tusichokijua hata jina.

Nikaanza kuhesabu wakati kwa dawa. Kulikuwa na wakati wa vidonge vyeupe, alivyopewa katika zahanati moja na mtu aliyemtazama muda wa kufungua na kufunga mlango. Vilimlaza. Tumbo likamvimba, uso ukamlegea, ulimi ukawa mzito, mate yakimtoka akiwa macho. Alisalimia vile vile, ila sasa "shikamoo" ilimchukua muda mrefu zaidi kuimaliza, na waliokuwa na subira ndogo walipata sababu ya kuondoka. Tulivikomesha tulipoona hasikilizi tena friji.

Ukaja wakati wa Kikoneni. Salimu alisema, "Kama hamtaki akae kwangu, basi nileteeni nimtibu," nami nilikubali, mimi niliyekuwa sitaki kusikia. Alifukizwa mafusho chini ya shuka akikohoa, akanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Kombe alilisifu. Alisema lina ladha ya sabuni ya bibi. Moshi ulimtapisha mpaka jioni. Kisha mama yake Mutua, ambaye hatujawahi kuonana naye, akatuma salamu kuomba ruhusa wamwombee kanisani kwao, nikaitikia, waombeni. Nilikuwa nimefika mahali pa kupokea dua yoyote iliyokuwa inapita njiani. Ukifika mahali hapo usijionee haya. Shika kinachoshikika, ila mwangalie mtoto usoni wakati unamtibu. Kama anaumia zaidi ya alivyokuwa anaumia kabla, acha.

Mvua ilipopungua na joto la Machi likaingia, tulivuka kivuko kwenda Mombasa kwa daktari tuliyeelekezwa. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Masudi akaanza mlangoni, mtu mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, na watu wa mji wakaitikia kwa mshangao lakini wakaitikia. Nikaanza kupumua. Mwisho wa safu alikuwako bwana mmoja nyuma ya gazeti. Hakuitikia. Masudi akasimama mbele ya gazeti. Muuguzi akaita jina letu, akaita tena, Masudi hasogei, na nyuma yetu mgonjwa mwingine akasimama achukue nafasi yetu. Nililinyakua lile gazeti mikononi mwa mwenyewe.

"Mwitikie mwanangu."

"Wewe una wazimu?" akasema yule bwana.

"Ninao. Mwitikie."

Akaitikia. Daktari, mwanamke wa makamo, alikuwa amefungua mlango na ameliona lote. Hakutucheka. Alikaa na Masudi muda mrefu kuliko wote waliomtangulia, akimuuliza habari za friji, kisha akanieleza hali ile ina jina, akalitaja: otizimu. Baadaye nimesikia wengine wakiiita usonji. Nikamuuliza dawa yake ni ipi.

"Hakuna dawa, baba Masudi. Si ugonjwa wa kumtoka. Ndivyo alivyo."

Nilisafiri na jina mkononi na bila dawa, na nitasema kweli, nilimchukia yule mama kwa muda. Nilitaka kitu cha kumnywesha. Kabla hatujatoka alinifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakibana, akatikisa kichwa. "Mgonjwa niliye naye leo ni wewe," akasema, akaniandikia vidonge vya presha, nami nikavitia mfukoni nikavisahau. Mlangoni akaniambia neno moja la kushika: "Kanuni ni yake, watu ni wenu. Badilisheni kimojawapo."

Nikaanza na kanuni, kwa kuwa niliona hiyo ni nyepesi. Tulikuwa naye nyumbani mwisho wa wiki.

"Masudi, mtu asipokuitikia, ujue bibi yako amekwisha kukuitikia huko aliko."

"Bibi amekufa."

"Naam, lakini..."

"Tulimzika. Wewe uliingia kaburini ukampokea."

Nikabadilisha njia. Nikamwambia asiyeitikia mwache, hesabu kidogo kisha nenda, mimi baba yako nimekuruhusu. Alijaribu. Kwa ajili yangu alijaribu, na hilo ndilo lililonivunja. Nilisimama uani nikajifanya mpita njia asiyeitikia. Akanisalimia, akangoja, akahesabu kwa sauti, akaondoka hatua chache, kisha akageuka akarudi akilia, akapiga paji la uso kwenye mwimo wa mlango, tena na tena, mpaka Mwanaisha akatia kiganja chake kati ya kichwa na mbao.

"Basi," Mwanaisha akaniambia, kiganja kikiwa bado pale. "Usimfundishe tena. Hicho ndicho alichobaki nacho cha bibi yake." Kisha akasema nililokuwa naliogopa. "Mpeleke kwa kaka yangu. Mimi nimechoka kumwona anavunjika."

Nilikwenda mikoroshoni nikalia. Nililia kwa kelele, mtu mzima, nikipiga gome kwa ngumi. Nilikuwa nimeshindwa na jambo dogo kuliko yote duniani, kupata neno moja kutoka kwenye midomo ya watoto wa watu.

Jumatatu tulikwenda chuoni kuchukua sanduku. Wanafunzi walikuwa wamepangwa kwenye paredi. Nilimwomba mkuu nafasi ya kuaga na kushukuru, akanipa. Kushukuru nilisingizia. Nilikuwa nimekwenda kuwatukana. Tangu Msambweni nilikuwa nayapanga maneno, makali, ya kuwafikia mpaka na wazazi wao.

Nikasimama mbele yao, mistari na mistari ya mashati meupe, na nilipofungua mdomo nikaona kwamba ni watoto. Wengine hawajajua hata kukunja kola. Matusi yote yakanipotea.

"Shikamooni," nikasema.

Wewe uliyelelewa kwetu unaelewa. Mtu mwenye ndevu nyeupe hawapi shikamoo vijana, na kijana hawezi kumwitikia mzee marahaba, ni kujiita mkubwa wake, ni kujitafutia laana. Watoto wa Pwani waliinamisha vichwa. Wa bara wakatazamana. Mmoja alicheka akajikata mwenyewe.

"Endelea, mzee," mkuu wa chuo akanong'ona.

"Sijaitikiwa," nikamjibu.

Nikasimama. Jua lilikuwa limepanda na jasho likaniingia machoni. Nilitegemea ningekuwa na hasira, lakini nilikuwa na aibu tupu. Ukitoa salamu ikabaki hewani, mikono hujui uipeleke wapi. Macho hujui uyaweke wapi. Unaanza kujiuliza kama umeonekana, kama upo. Mwanangu alikuwa amesimama mahali hapo kila siku tangu Januari, na mimi nilikuwa nimemwambia ahesabu kidogo kisha aende.

Msichana mmoja mstari wa mbele, wa kwetu kwa lafudhi yake, alikuwa na machozi. "Baba, hatuwezi kukuitikia wewe," akasema. "Tutakosa radhi."

Hapo Masudi, aliyekuwa kando na sanduku lake, akasema kwa sauti yake ile ya juu isiyopanda wala kushuka, kama anayewasaidia wasioelewa: "Baba hajaitikiwa. Hawezi kwenda mpaka aitikiwe."

"Marahaba, baba," akasema mtu nyuma. Alikuwa Mutua, na sauti ilimkatika katikati. Akafuata mwingine, kisha mstari mzima, wengine kwa kunong'ona na mkono mdomoni, marahaba, marahaba, mpaka ikafika kwa wale wa mbele waliokuwa wanalia.

Nikawashukuru, safari hii kwa kweli. Nikawaambia jina la hali ya Masudi na kwamba haiambukizi wala hailogwi. Nikawaambia Masudi hawatanii wao na wala hajiiti mdogo wao. "Anampa kila mmoja wenu kitu, kisha anangoja mkipokee. Basi. Si zaidi ya hapo." Nikamgeukia mwanangu nimwambie twende, na nikakuta amekwisha kuweka sanduku chini, amejipanga mstarini nyuma ya Mutua, pale penye nafasi yake.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka siku ile. Walikuwako walioendelea na mchezo wao, na walimu wengine walimsahau mlangoni. Lakini walioitikia walizidi wasioitikia, na mara nyingi asiyeitikia alivutwa na wenzake shati akarudishwa. Mutua alimwomba mpishi atenge mahindi kabla ya kuyachanganya, mpishi akasema kumbe ni hilo tu. Mkuu akamruhusu Masudi ahamie kitanda cha ukutani. Alama za meno zikawa makovu. Muhula wa pili tulimpeleka siku kabla ya wengine, chuo kikiwa kitupu, akazunguka akagusa milango yote. Hilo la mwisho fanya hata kama utaonekana mjinga getini, kwa maana kama tungelijua mwanzo tungejiokolea mengi. Na waambie watu ukweli mapema. Sisi tulificha, tukadhani tunamhifadhi.

Mvua za masika zilipokwisha, Salimu alikuja kudai ahadi tuliyopeana. Masudi akampa shikamoo, naye akaitikia, akamtazama mwili ulivyorudi. "Basi muhula mwingine," akasema, akanywa chai yetu yote.

Mimi ndiye niliyeanguka. Ilikuwa mwaka uliofuata, wakati wa kuokota korosho. Vile vidonge vya presha nilikuwa nikivimeza siku ninayovikumbuka. Niliinama chini ya mti, na nilipotaka kuinuka upande wa kulia haukuja. Nilizinduka katika wodi ya hospitali, mdomo umekwenda kando, mkono umelala juu ya shuka kama wa mtu mwingine, na ulimi hauleti neno. Kichwani maneno yote yalikuwapo. Yalifika kwenye meno yakawa mlio.

Wageni walinijia wengi, Mungu awalipe. Kila mmoja alitoa salamu, mimi nikaanza kuhangaika na jibu, naye akaona uso wangu unavyojikunja akaingiwa na hofu. "Usijisumbue, bwana Hamisi, tumekusikia." Kisha akamgeukia Mwanaisha, wakanizungumza juu ya kichwa changu. Salimu aliniombea kwa sauti ile ya matanga. Wote walikuwa wema, na hakuna aliyengoja. Nikaacha kujaribu. Nililala nikitazama ukuta, na kwa mara ya kwanza nilitamani nife, nalisema hapa kwa sababu wewe pia huenda umelitamani.

Jumamosi Masudi akaja kutoka chuoni. Alisafiri peke yake, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Akasimama mwisho wa kitanda, akanitazama begani.

"Shikamoo, baba."

Nikafungua mdomo. Ukatoka mlio. Mwanaisha akanifuta mate kwa pembe ya leso. "Baba hawezi, mwanangu. Keti."

"Namngoja," akasema.

Akangoja. Nilijaribu nikakwama, nikafumba macho nikijua nikiyafumbua atakuwa amekaa au amegeuka, kama wengine. Nikayafumbua, yupo pale pale, mikono imenyooka, hana haraka, hana huruma usoni wala woga. Nikaanza tena. "Ma," nikasema. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Watu wakaanza kuaga, viti vikaburutwa. Muuguzi akatufikia.

"Kijana, saa imekwisha. Utoke sasa."

"Hajaniitikia bado," Masudi akamwambia.

Muuguzi akanitazama, nikiwa nimeshika chuma cha kitanda kwa mkono mmoja na jasho linanitoka. Akaenda kutandika kitanda kingine, halafu kingine. Wodi ikabaki haina wageni wengine. Mwanaisha alikuwa amejiziba mdomo kwa leso.

"Ma," nikasema. "Mara. Ha." Ulimi ukateleza, nikaurudisha. "Ba."

"Haya," akasema mwanangu. Akamwamkia mama yake, mama yake akamwitikia, akachukua mfuko wake na kwenda kuwahi gari la kurudi chuoni.